Kirusi, Nzi na Jirani

Wengi ninaosali nao hapa Malvern, Johannesburg, wanaamini kwamba virusi ni kazi ya Shetani. Wachache wanasema ni fimbo ya Mungu. Mimi nimeshindwa kukaa upande wowote, na siwezi kunyamaza, kwa sababu imani hizi mbili haziishii chumbani tunamosalia. Zinatoka nje na kutembea Jules Street pamoja nasi. Lakini hoja yangu haianzii Johannesburg, wala haianzii mwaka 2020. Inaanzia kwenye utumbo wa ndama.

Kabla ya kumfuata mume wangu huku nilikuwa afisa mifugo wilayani Rungwe, Tanzania. Wafugaji waliniita bwana mifugo ingawa ni mwanamke, nami niliitika. Rungwe ni nchi ya mvua, migomba na maziwa. Kaya ina ng'ombe mmoja au wawili, chotara wa Friesian, wanaofungiwa bandani na kukatiwa majani tembo na vigogo vya migomba. Akizaliwa ndama jike, wenye nyumba wanaanza kupiga hesabu za ada ya shule. Kwa hiyo ndama akiharisha niliitwa hata usiku wa manane, na mara nyingi aliyetumwa kuniita alikuwa mtoto ambaye ada yake ndiyo ilikuwa imelala pale kwenye majani.

Ndama wa namna hiyo unamkuta amelala ubavu, shingo ameikunja, mkia umelowa kinyesi chepesi cha njano. Macho yamezama. Unaibana ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuiachia, nayo inabaki imesimama, hairudi. Unamtia kidole mdomoni: ulimi wa baridi, hanyonyi. Hapo zimebaki saa chache. Tulichanganya maji ya uvuguvugu na chumvi, glukosi na magadi soda, tukamnywesha kidogo kidogo kwa chupa. Aliyeshindwa kumeza tulimtafutia mshipa wa shingo kwa mwanga wa tochi na kumtundikia dripu. Wengine walisimama asubuhi. Wengine walizikwa migombani.

Wanaoleta hali hiyo ni kadhaa: bakteria wa E. koli, rotavirusi, vijidudu vya kriptosporidia, na kirusi cha korona cha ng'ombe. Huyu wa mwisho ndiye aliyenishika akili. Ukuta wa ndani wa utumbo una vijidole vidogo mno vinavyofyonza maziwa. Korona ya ng'ombe inaingia kwenye seli za vijidole hivyo na kuziua, vijidole vinasinyaa, maziwa yanapita bila kufyonzwa na kutoka pamoja na maji ya mwili. Ndama anakufa kwa kiu na chuchu iko karibu.

Inaingiaje? Kirusi hiki kina miiba ya aina mbili. Ile mirefu, ambayo dunia nzima iliiona kwenye picha za UVIKO-19, kazi yake ni kushika. Ile mifupi, ambayo kirusi cha UVIKO-19 hakina, ni vimeng'enya. Nje ya seli za mnyama kuna minyororo ya sukari, na kwenye ncha za minyororo hiyo kuna asidi ya siali, ambayo Gunnar Blix wa Uppsala, Sweden, aliipata mwaka 1936 kutoka kwenye tezi za mate za ng'ombe. Baadhi ya asidi hizo zimebandikwa kipande kidogo cha asetili. Mwiba mrefu unakitafuta kipande hicho na kukishikilia. Mwiba mfupi unakikata kipande hicho hicho. Kinachodondoka ni asetati, ileile iliyomo kwenye siki ya dukani. Sukari inabaki mahali pake na seli inabaki mahali pake, ila mwiba mrefu hauna tena pa kushika.

Mtu atauliza: kitu kinachotaka kuingia kinapata faida gani kwa kukata kishikio chake chenyewe? Jibu limo kwenye ute. Kabla ya kuifikia seli, kirusi hukutana na ute wa pua au wa utumbo, nao umejaa asidi za siali zilezile. Kikishika bila kuachia, kitanasa humo na kutolewa nje pamoja na makamasi au mavi. Kikikata kupita kiasi, hakitashika chochote. Kinachofika ni kile kinachoshika, kikaachia, kikashika tena mbele kidogo, kama mtu anayepanda mti, ambaye asipoachia tawi la chini hawezi kulifikia la juu. Na virusi wapya wanapotoka kwenye seli inayokufa, kimeng'enya hicho hicho kinawafungua wasibaki wamegandana na mzoga wake.

Mwaka 1988 Vlasak, Luytjes, Spaan na Palese walionyesha kwamba korona ya ng'ombe na korona moja ya binadamu zinatambua asidi hizo za siali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza jambo ambalo nimelisoma na kulirudia mara nyingi. Waliiharibu sehemu ya mwiba mfupi inayokisaidia kimeng'enya kutulia juu ya sukari. Virusi walioweza kuendelea kustawi ni wale ambao mwiba wao mrefu nao ulikuwa umelegeza mshiko. Nguvu ya kukata ikipungua, nguvu ya kushika lazima ipungue nayo. Miiba miwili inasubiriana.

Hapo ndipo imani yangu ilipopata kazi. Nimelelewa katika Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari Wajerumani walilianzisha Rungwe mwaka 1891, na tangu utotoni nimesikia mahubiri yanayoanza na jicho. Tazameni jicho, anasema mhubiri, tazameni kila sehemu inavyoisubiri nyingine. Nani aliyepanga hayo kama si Mungu? Vizuri. Lakini mwiba mrefu na mwiba mfupi nayo inasubiriana, tena kwa ustadi usiopungua ule wa jicho, na matokeo ya ustadi huo ni ndama aliyelala kwenye mavi yake. Hoja ikipokelewa kwa ajili ya jicho, haiwezi kufukuzwa mlangoni kirusi kinapokuja nayo. Anayemsifu Mungu kwa ufundi wa vitu akubali kuvitazama vitu vyote, au aache kabisa kusifu kwa njia hiyo. Mimi niliacha. Ninamsifu Mungu kwa sababu nyingine.

Sasa, wale wa Shetani. Kwao mambo ni mepesi: kizuri ni cha Mungu, kibaya ni cha yule mwingine. Njia hii iliwahi kufuatwa hadi mwisho wake na Wamanikea, waliofundisha kwamba kuna falme mbili, ya nuru na ya giza, na Mwafrika mmoja, Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa miongoni mwao kwa takriban miaka 9 kabla ya kuwakimbia na baadaye kuwa askofu wa Hippo. Katika mahubiri yake juu ya Injili ya Yohana anasimulia kisa cha mtu aliyekuwa amechoshwa na nzi. Mmanikea mmoja akamkuta katika hali hiyo, akamwuliza nani aliumba nzi. Kwa ile hasira yake akajibu kwamba aliyewaumba si Mungu. Basi ni nani, kama si Shetani? Akakubali. Je, nyuki, aliyemzidi nzi kidogo tu? Akaona haya kumpa Mungu nyuki na kumnyima nzi. Wakatoka kwa nyuki wakaenda kwa nzige, kwa nzige hadi kwa mjusi, kwa mjusi hadi kwa ndege, kwa ndege hadi kwa kondoo, kwa kondoo hadi kwa ng'ombe, kisha tembo, kisha mtu. Kwa kukerwa na nzi, yule maskini akajikuta amekiri kwamba hata yeye mwenyewe hakuumbwa na Mungu.

Ngazi hiyo kwa kirusi ni fupi zaidi. Kimeng'enya cha korona ya ng'ombe kinafanana na cha kirusi cha mafua ya aina C, kiasi kwamba wanasayansi wanaona babu wa korona hizi aliipata jeni yake kutoka kwa kirusi wa ukoo huo. Na si virusi peke yao. Mwili wako wewe unayesoma una kimeng'enya chake kinachobandua asetili kutoka kwenye asidi ya siali, na kazi hiyo ni sehemu ya utaratibu unaozituliza seli za kinga zisije zikaushambulia mwili wenyewe. Tendo ni lilelile: kipande kilekile kinakatwa, asetati ileile inadondoka. Kama mkato ni wa Shetani, basi Shetani amekaa kwenye damu ya kila mtoto tunayembatiza. Mimi sitampa.

Augustino baadaye alifundisha kwamba ubaya si kitu chenye kuwepo kwake. Ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwepo. Ninaliheshimu fundisho hilo, na kimeng'enya kinaliunga mkono, maana huwezi kukiweka mezani na kuonyesha kwa kidole sehemu yake iliyo mbaya. Ila nimesimama kwenye mabanda mengi. Mama aliyepoteza ndama hakupoteza upungufu. Alipoteza mnyama mwenye jina, aliyemnywesha kwa mkono. Fundisho linaloondoa ubaya kwenye orodha ya vitu halijauondoa bandani.

Nije kwa wale wa fimbo. Mmoja wao ni mzee wa Uvira, Kongo, ninayemheshimu sana. Sote tunamwita Papa. Aliniambia tukiwa sebuleni kwetu, maombi yakiwa yamekwisha na chai iko mezani:

"Mama Tumaini, Mungu anatupiga ili tumrudie."

"Papa, na ndama wa Rungwe alitakiwa kurudi wapi?"

Alifikiri. "Wanyama wanaumia kwa dhambi ya Adamu."

Jibu hilo ni la kale na watu wenye akili wamelishika. Sikuweza kulipokea. Linampiga asiye na kosa ili mwenye kosa ajifunze, na hakuna mzazi Rungwe wala Uvira anayelea watoto hivyo na kusifiwa. Rafiki zake Ayubu nao walikuja na maelezo ya fimbo, wakakaa naye, wakamtafutia dhambi, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao watetezi wake, anampa haki yule aliyekuwa akimlalamikia. Isitoshe, Mungu anapomjibu Ayubu anamwonyesha wanyama wa porini wanaoishi, wanaowinda na kuzaa pasipo mtu. Kila nikisoma sura zile naona uumbaji mpana ambao haukupangwa kunizunguka mimi. Korona ya ng'ombe ingestahili ubeti wake humo.

Ninachokiona ni hiki. Kirusi hakina nia. Hakimchukii ndama, hakimtamani, hakijui kwamba yupo. Mwiba unashika kwa sababu umbo lake linaingia kwenye umbo la sukari. Kimeng'enya kinakata kwa sababu kimekutana na kinachokatika. Pasipo nia pana maumivu, pana hasara, pana kifo, lakini hapana hatia. Hatia inataka mtu. Na mtu akizoea kuiweka hatia pasipo na mtu, baada ya muda mfupi atawaondolea utu watu ili papatikane pa kuiweka.

Hilo si jambo la vitabuni. Mwezi Septemba 2019, wakati hakuna mtu hapa aliyewahi kusikia UVIKO-19, maduka ya wageni yalivunjwa Jeppestown na Malvern, na magari yaliyokuwa yakiuzwa kwenye yadi za Jules Street yakachomwa moto. Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi magari hatua chache kutoka hapo. Harufu ya mpira na rangi iliyoungua iliingia hadi kwenye mapazia. Jirani yetu, gogo (bibi) mmoja Mzulu, alivuka barabara na kuwachukua wanangu, akawalaza chumba chake cha nyuma, akakaa mlangoni. Aliyewasha moto alikuwa na nia. Gogo naye alikuwa na nia. Usiku ule uovu na wema vilikuwa mtaa mmoja, na vyote viwili vilikuwa na miguu.

Kisha ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa Afrika Kusini, tarehe 5 Machi, alikuwa mwanamume wa KwaZulu-Natal aliyekuwa amerudi kutoka Italia. Mwezi huohuo serikali ikatangaza kwamba itajenga uzio wa kilomita 40 mpakani Beitbridge, na ikaeleza kuwa ni kuwazuia wasio na vibali wasiingize korona. Ugonjwa ulikuja kwa ndege, uzio ukawekwa kwa wanaotembea kwa miguu. Ndani ya taksi ya kwenda mjini nilimsikia mwanamke akisema kwamba makwerekwere, jina la kutudharau sisi wageni, wenyewe ndio virusi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja nauli. Na walionizunguka, watu ambao siku nyingine wangenisaidia kubeba mzigo, walitikisa vichwa kuafiki.

Maneno yale yana hesabu yake. Ukimwita jirani yako kirusi, umemvua nia: hana tena sababu iliyomtoa kwao, hana deni la kodi ya nyumba, hana mtoto anayekohoa. Na wakati huohuo umejivua nia wewe mwenyewe, maana anayeua virusi hatendi dhambi, anafanya usafi. Kwa hiyo ninapokaa kwenye maombi na kusikia tunamkemea pepo wa korona kwa kupokezana, saa nzima, moyo wangu unaingia hofu. Tunaufundisha ulimi wetu kutafuta adui mwenye nia nyuma ya kila maumivu. Leo ulimi unampata pepo. Kesho hautaridhika na pepo asiyeonekana. Usukumani, nchini kwetu, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotokana na moshi wa miaka mingi ya kuwapikia wajukuu. Waliowaua walikuwa wakitafuta nia nyuma ya homa ya mtoto.

Na kuyapa magonjwa majina ya mataifa hakukuanza nasi. Ipo korona ya binadamu iitwayo OC43, ambayo leo inaleta mafua ya kawaida tu. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walilinganisha jeni zake na za korona ya ng'ombe wakakadiria kwamba zilitengana karibu na mwaka 1890. Baadhi ya wanasayansi wanashuku kwamba ndiyo iliyoleta janga la mwaka 1889, ambalo watu wa wakati ule waliliita mafua ya Urusi. Kama wako sahihi, Warusi walibebeshwa mzigo wa ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na hatia. Tena kirusi kile kilipoendelea kuishi ndani yetu, mwiba wake mfupi ulipoteza ule uwezo wa kutulia juu ya sukari, kwa sababu ute wa pua ya mtu si ute wa ng'ombe. Kimebaki kinapita shuleni kila majira ya baridi, watoto wanapangusa makamasi, na hakuna anayemtafuta mchawi.

Nia inaingia wapi, basi, kwenye kisa cha ndama? Inaingia kwenye dang'a. Ndama anazaliwa hana kingamwili za kumtosha. Anazipata kwenye yale maziwa mazito ya kwanza, na utumbo wake unazipitisha kwenda kwenye damu kwa takriban siku moja tu, kisha mlango unafungwa. Saa 6 za mwanzo ndizo bora. Ng'ombe aliyechanjwa akiwa na mimba kubwa huziweka kingamwili za korona na rota kwenye dang'a yake. Sitasema dang'a ni ushahidi wa Mungu, maana nimekwisha kukataa ushahidi wa aina hiyo na siwezi kuurudisha kwa sababu tu sasa unanifaa. Ninachosema ni kwamba dang'a haijinyweshi yenyewe. Ndama dhaifu hasimami kuifuata chuchu. Lazima mtu aamke, mvua inanyesha, akamue, apashe moto chupa, apige magoti kwenye majani. Wafugaji wengine waliimwaga dang'a kwa sababu hainunuliki sokoni, na hapo nilikuwa mkali, kwa kuwa hapo palikuwa na mtu wa kuambiwa.

Papa hajakubaliana nami. Alhamisi moja alinijia na swali alilokuwa amelibeba siku nyingi, nalo ndilo gumu kuliko yote niliyoulizwa Malvern. "Mama Tumaini, umemwondolea Shetani kirusi. Umekiondolea kirusi nia. Umemwondolea jirani lawama. Sasa amebaki nani? Si Mungu aliyekiumba? Nia si iko kwake?"

Nilimwambia ndiyo. Swali linaishia kwa Mungu, na mimi ninampelekea yeye. Sikumpa Papa maelezo, kwa sababu sina maelezo ambayo ningethubutu kuyasema mbele ya yule mtoto wa Rungwe aliyekuja kuniita usiku. Paulo anawaandikia Warumi kwamba uumbaji wote unaugua kwa utungu, na mimi nasoma humo kwamba Mungu hajamaliza, na kwamba kuugua huko kunaruhusiwa kusikika. Ndiyo maana zamu yangu ya kuomba ikifika simkemei mtu wala pepo. Ninamwuliza Mungu habari za ndama, kwa majina yao niliyoyakumbuka, kwa sauti, na ninamdai. Papa anasema huko ni kumkosea adabu Mungu. Mimi nimemwambia kwamba Mungu amedaiwa na Ayubu na akasimama kujibu, ilhali mwenye duka la Jules Street, akidaiwa kirusi asichokileta, hana jibu atakalotoa likasikilizwa.